Daftari la mapishi la bibi usilipeleke kwenye laminesheni

Acha kwanza! Hilo daftari lirudishe kabatini, na huyo mtu wa laminesheni mwambie huji tena.

Umesema umelikuta daftari la bibi yako la keki na pudingi, karatasi zimelegea, zina madoa ya siagi, na kesho unazipeleka zikapigwe laminesheni "zisiharibike zaidi". Umeuliza pia kikombe chake ni sawa na gramu ngapi, na "moto wa wastani" ndio upi. Lakini hilo la kesho ndilo lililonitoa kitandani, maana nilifanya hivyo hivyo na mpaka leo sijapata njia ya kulirudisha.

Daftari la bibi yangu nilimpelekea mtu wa vifaa vya ofisi. Nikamuuliza kabisa, hizi karatasi ni za zamani, hazitadhurika? Akanijibu bila hata kuzigeuza: "Hizi sasa zitakaa milele." Nikamwamini kwa sababu ana mashine. Mtu mzima, anaona mwandiko wa mkono, anaona karatasi imekuwa rangi ya chai, na bado anakuhakikishia jambo asilolijua hata kidogo! Hasira yangu kwake haijaisha, na sidhani kama itaisha.

Kwanza alizichomoa karatasi kwenye uzi ulioshonea daftari. Halafu, kwa kuwa zilikuwa pana kidogo kuliko mifuko yake ya plastiki, akazipanga na kuzikata pembezoni, zote kwa mpigo mmoja. Pembezoni! Bibi aliandika mapishi katikati ya ukurasa alipokuwa msichana, na miaka yote iliyofuata akawa anajisahihisha pembeni kwa penseli: sukari imezidi, mayai yakiwa madogo ongeza moja, toa mapema. Yale ya katikati ungeweza kuyapata kwa mpishi yeyote. Ya pembeni ndiyo yalikuwa mkono wake, na yaliishia kwenye kapu la taka la mtu nisiyemjua.

Kisha joto. Mashine ile hubana karatasi kwa joto linalopita nyuzi 100, ili gundi iliyo ndani ya plastiki iyeyuke na kushika. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi thelathini na kitu tu. Madoa yaliyokuwa yametulia miaka mingi yakatanda, na wino wa peni nao una mafuta ndani yake, ukalainika ukasambaa. Kwenye keki yake ya ndimu kuna mstari wa maziwa ambao sijui tena kama ni kikombe 1 au 4.

Lakini kinachoniuma zaidi ni pudingi ya sukari ya kuunguza. Ukurasa ule ulikuwa na kipande cha karatasi kilichogundishwa upande mmoja tu, kinafunuka kama mlango. Juu yake vipimo vipya, chini yake vya zamani pamoja na maneno machache ambayo niliyaona siku moja nikiwa na haraka, nikasema nitayasoma baadaye. Sasa kimegandiana. Nikiuelekeza ukurasa dirishani naona kivuli cha penseli kwa nyuma, na herufi ya kwanza ni M. Basi. Hapo ndipo mwisho wa ninachojua.

Na laminesheni haifunguki. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba hata hifadhi za nyaraka za Marekani zilipita njia hii: William Barrow, mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka, alianza miaka ya 1930 kubana karatasi kuukuu kati ya tabaka za plastiki kwa joto, hifadhi nyingi zikamfuata, kisha zikaja kuiacha njia hiyo. Leo wahifadhi hukwepa kitu chochote kisichoweza kutenguliwa. Ningelijua hilo siku moja tu kabla!

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: piga picha kila ukurasa kabla hujafanya chochote. Pande zote mbili, hata ulio mtupu, hata jalada. Fanya mchana karibu na dirisha, bila flashi, simu ikitazama chini moja kwa moja. Rudia mara ya pili mwanga ukitokea ubavuni, kwa sababu penseli iliyofutika huacha mikwaruzo, na mwanga wa pembeni huionyesha. Usifute doa kwa kitambaa kibichi, wino wa kalamu za zamani huondoka na maji. Selotepu usiiguse kabisa, hugeuka kahawia na kuacha gundi ndani ya karatasi. Ukishamaliza, zitie karatasi kwenye mifuko inayoonyesha ndani, ya plastiki aina ya poliesta, si ya aina ya PVC, uziweke pakavu na gizani. Jikoni tumia nakala ya picha. Hiyo ndiyo ipige laminesheni ukitaka, imwagikiwe na maziwa, haidhuru.

Kuhusu kikombe: kama chake bado kipo, kijaze maji ukipime kwenye mizani, ukitoa uzito wa kikombe kitupu. Gramu 1 ya maji ni mililita 1, basi umeshajua ujazo wake. Usikimbilie kikombe cha kupimia cha dukani, kile cha Kimarekani ni kama mililita 240 na cha zamani cha Kiingereza ni 284, na huenda chake kilikuwa cha chai tu. Moto wa wastani ni nyuzi 180 hivi.

Lakini kesho usiende. Chukua simu, anza na jalada, nenda ukurasa kwa ukurasa. Na ukikuta kipande kilichogundishwa upande mmoja, kifunue, usome kilichoandikwa chini yake leo hii, kabla hujalala.