Alama kwa kilo huharibu taka zinazorejelezwa

SWALI: Nimewawekea wanangu mashindano ya kutenganisha taka nyumbani: kila kilo ya taka za kurejelezwa ina alama zake, na alama zikifika kiwango fulani mtoto hupata zawadi. Mwanzoni walichangamka, lakini sasa wanadai zawadi kubwa zaidi, na mkusanyaji wa taka analalamika kuwa mzigo wetu ni mchafu. Je, nitafute programu ya simu yenye beji na viwango?

JIBU: Programu itahesabu kosa lile lile, tena kwa haraka zaidi. Kosa liko kwenye kilo. Ukitoa alama kwa uzito utaletewa uzito: chupa yenye maji nusu itaishinda chupa tupu, na boksi lililolowa mafuta litalishinda boksi kavu. Linaloniudhi zaidi ni kwamba mtoto anayenunua chupa mpya kila siku ataongoza, ilhali mwenzake anayejaza tena chupa yake ya zamani hapati kitu.

Uchafu huo si jambo dogo, na kuchanganya aina za plastiki ni sehemu yake. Plastiki ya PET, ile ya chupa nyingi za maji na soda, yenye namba 1 ndani ya pembetatu iliyochapwa kwenye chombo, huyeyushwa kwenye nyuzi za sentigredi zipatazo 260. PVC, plastiki nyingine kama ile ya mabomba, yenye namba 3, huanza kuvunjika kabla ya kufikia joto hilo na kutoa asidi inayoidhoofisha PET iliyo karibu nayo. Pembetatu yenyewe hutaja aina ya plastiki tu, wala haithibitishi kwamba mkusanyaji wenu anaipokea.

Futa kilo. Kila jioni mmoja wenu achomoe vitu vitano kutoka pipani bila kuchagua, navyo vikaguliwe mbele ya wote: kimesuuzwa, kimekauka, kiko katika pipa lake? Kila kinachofaulu kiwape alama moja ya familia nzima, na betri ikionekana raundi iwe sifuri, kwa sababu betri ya lithiamu ikipondwa ndani ya lori huweza kuwasha moto.

Kuhusu zawadi, wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walionyesha mwaka 1973 kwamba watoto wa chekechea waliopenda kuchora, wakaahidiwa cheti kwa kuchora, baadaye walichora kwa hiari kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Hata hivyo, wanaojiita wataalamu wa hamasa bado wanauza mifumo ya beji kana kwamba jambo hilo halijulikani. Kabla ya kumlipa yeyote kati yao, muulize ni nani atakayefungua pipa na kukagua kilichomo, kwa maana mifumo inayotoa alama kwa picha ya chupa haiwezi kujua kama chupa hiyo ilisuuzwa wala iliishia wapi baada ya kupigwa picha.