Farasi jike mzee: kabla ya umri, uliza kazaa lini mara ya mwisho

Wageni kwenye kazi hii swali lenu ni lilelile, jike wangu ana miaka 17, nimpandishe au kashazeeka? Mi nauliza, mara ya mwisho kazaa lini? Maana jike wa miaka 18 anayezaa karibu kila mwaka namwamini kuliko wa 15 ambaye hajawahi kubeba mimba hata moja. Huyo wa pili ndo alinifundisha, nilimnunua katoka kwenye mbio, mwili umejaa, nikasema huyu bado mbichi. Misimu miwili kila akipandwa maji yanabaki kwenye mfuko wa uzazi, mlango wa kizazi haulegei yakatoka, tunasafisha, tunachoma sindano, hola. Hela ya dume na ya daktari imeenda hivyohivyo.

Uwezo unaanza kushuka kwenye miaka 15 hivi, ikipita 20 unaporomoka. Mayai yake kazaliwa nayo, yanazeeka naye, ndo maana siku ya 15 altrasaundi inaonyesha mimba mnashangilia, siku ya 40 hamna kitu.

Kwa hiyo kama kapita 15 na hajazaa muda mrefu, omba biopsi ya ukuta wa kizazi (daktari anakata kipande kidogo cha nyama kikapimwe) kabla hujalipia dume. Majibu yanakuja kwa madaraja, la I ni zuri, la III nafasi ya kufikisha mtoto ni kama asilimia 10, hapo mi naacha. Halafu simama nyuma yake uinue mkia (kwa tahadhari jamani, teke ni teke). Jike mzee akikonda tundu la haja linazama ndani na uke unalala badala ya kusimama wima, hewa na kinyesi vinaingia. Daktari anashona sehemu ya juu, kazi ndogo tu, ila andika tarehe maana lazima pafunguliwe kabla hajazaa, la sivyo anachanika.

Sasa tuseme kizazi kizima. Bado sijasema ndiyo. Mimba ni miezi 11, mwishoni mtoto anakua kwa kasi, mama mwenye kwato mbovu anabeba huo mzigo usiku na mchana, na kama meno yameisha hatafuni vizuri, kunyonyesha kutammaliza. Na majike wazee ndo hasa wanaopasuka mshipa mkubwa wa damu wa mfuko wa uzazi wakati wa kuzaa, anaweza kukufia hapohapo unamwangalia. Kuhamishia kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kwa jike kijana kunasaidia hapo, ila yai ni lilelile la bibi, msitegemee miujiza.

Wangu wa sasa ana 21, kazaa mara tisa, daktari kapima kasema inawezekana. Asubuhi moja nikamwona anashuka kamteremko kwenda kunywa maji, mguu wa mbele anauweka kwa kupapasa. Nikapiga simu kufuta buking ya dume. Siku hizi anakaa na watoto walioachishwa ziwa, wanamsikiliza kuliko mimi, na kuna mmoja bado anajaribu kumnyonya.