Jibu kwa mama wa Nakuru kuhusu kambi ya kanisa Kisumu

Mama, umeuliza kama mtoto wa gredi ya 7 anafaa kwenda kambi ya huduma Kisumu likizo ya Agosti. Mwache aende. Umri huo wanaweza kupaka madarasa rangi, kuchotea wazee maji, kufundisha watoto wa Sunday school nyimbo. Kelele watapiga, lakini kazi itafanyika.

Ila uliza mapema kama ratiba ina kazi ya ziwani. Kuna viongozi wanaopenda kuwaingiza vijana majini kung'oa magugu, picha zinatoka safi sana. Hapo mimi nakataa kabisa. Ufuo wa Ziwa Victoria una kichocho: minyoo wadogo hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya anayesimama majini, hata bila kuogelea. Kuokota takataka nchi kavu inatosha.

Jambo la pili ni malaria. Nakuru iko juu na baridi, mtoto hajazoea mbu wa Kisumu. Mpe neti yenye dawa hata wakikwambia zipo. Akirudi akashikwa na homa, hata wiki 2 au 3 baadaye, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo na umwambie daktari alikuwa Kisumu.

Mengine ni ya kawaida: wasichana na wavulana walale mabweni tofauti, na upewe namba ya mlezi atakayelala nao, si ya pasta peke yake. Pasta huwa hashiki simu usiku.