Nimekatwa tumbo, sasa ubavu unawaka moto

SWALI: Assalamu alaikum, dada mfamasia. Nina miaka 56, naishi Kisauni. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Nairobi kukatwa ngozi ya tumbo iliyolegea kwa uzazi. Nyumbani anayejua ni binti yangu peke yake. Wengine niliwaambia ni henia. Juzi ubavu wa kushoto ulianza kuwaka kama uliomwagiwa maji moto, nikadhani ni ile nguo ya kubana tumbo. Leo asubuhi nimeona malengelenge madogo yamejikusanya kutoka mgongoni kuja mbele. Shangazi anasema ni mkanda wa jeshi, na ncha zake zikikutana nitakufa. Dada yangu, ambaye sasa ameijua siri, anasema ni malipo ya kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Je, nimeambukizwa kule nilikopasuliwa? Nipake nini? Binti yangu ana mimba ya miezi mitano na ndiye anayenihudumia.
Msomaji, Kisauni

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yangu. Nilikupigia simu siku ile ile kwa kuwa maradhi haya hayangojei gazeti lichapwe, na nimefurahi kwamba ulitoka hapo hapo kwenda kuonwa. Haya ninayoyaandika ni kwa wenzako, maana najua hauko peke yako.

Shangazi ameutambua ugonjwa sawasawa. Ni mkanda wa jeshi, na hakuna aliyekuambukiza. Virusi vyake ndivyo vile vya tetekuwanga. Mtu akiugua tetekuwanga utotoni akapona, virusi havimtoki; hujificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo miaka na miaka. Kinga ya mwili ikishuka, kwa umri, kwa UKIMWI, kwa dawa za saratani, kwa vidonge vya prednisoloni, huamka na kuifuata neva moja mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana hutoka upande mmoja tu. Upasuaji nao ni mshtuko kwa mwili, uwe wa henia au wa urembo, na majarida ya tiba yameandika visa vya watu waliotokwa na mkanda baada ya kujirembesha kwa kisu. Si jambo la kila siku. Wengi hupona mishono yao salama.

Kinachonisumbua mimi ni kuchelewa. Baada ya upasuaji macho yote huwa kwenye mshono. Maumivu ya mkanda hutangulia siku kadhaa kabla ya upele, basi mgonjwa humeza dawa za maumivu akijua ni kidonda. Malengelenge yakitoka, husema plasta imemkataa. Hapa kemisti huja mama, akainua buibui kidogo ubavuni, akaniomba “ile krimu ya kuwasha”. Krimu anayoitaka ina stiroidi, nayo hupunguza nguvu ya ngozi kupigana na virusi. Simuuzii, hata akinikasirikia. Ngozi iliyokataa plasta huwasha, na wekundu wake hufuata umbo la plasta. Mshono ulioingia vijidudu huvimba, hupata joto, hutoa usaha. Mkanda huchoma, malengelenge hukaa kwa vishada, na kwa kawaida hayavuki katikati ya mwili.

Dawa ni ya kumeza. Asaiklovia miligramu 800 mara tano kwa siku, siku 7, kwa maagizo ya daktari: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Kunywa maji mengi, na kama una shida ya figo sema mapema, kipimo hubadilishwa. Iko pia valasaiklovia, ambayo humezwa mara tatu. Vyema ianzwe kabla ya saa 72 tangu upele utokeze. Ukizipita saa hizo, nenda vivyo hivyo, hasa kama malengelenge mapya bado yanatoka. Nasisitiza hivi kwa sababu wapo ambao upele hukauka na maumivu yakabaki zaidi ya miezi mitatu, hata kanga ikiwagusa wanaumia.

Waliofanyiwa uso wawe macho zaidi. Malengelenge kwenye paji, kope au ncha ya pua ni ya kumwona daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Kuhusu ncha kukutana, hakukuui. Ila upele ukitapakaa sehemu nyingi za mwili, kinga imeshuka sana, kimbia hospitali. Ukiombwa kupima UKIMWI usione umetukanwa. Huulizwa wengi, na vijana hasa.

Binti yako hawezi kupata mkanda kutoka kwako. Anaweza kupata tetekuwanga kutokana na maji ya malengelenge, kama hajawahi kuugua wala kuchanjwa, na kwa mjamzito hiyo ni hatari. Amwambie mkunga wake leo, apimwe damu. Mpaka malengelenge yote yawe magamba makavu, yafunike, na mtu mwengine akufulie nguo na kukubadilishia bandeji.

Kwa dada yako: fatwa si kazi yangu. Ninachojua ni kwamba mkanda huwatoka watu ambao hawajalala meza ya upasuaji hata mara moja, na mgonjwa anayeaibishwa huficha ubavu wake mpaka saa za dawa zimepita.

Anayepanga upasuaji na ametimiza miaka 50 amuulize daktari kuhusu chanjo ya kukinga mkanda iitwayo Shingrix, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Ni sindano mbili, ya pili miezi miwili hadi sita baada ya ya kwanza, kwa hiyo aulize mapema. Haitibu mkanda uliokwisha kutoka.

Familia waambie henia ukitaka, hiyo ni haki yako. Daktari anayekutibu hapa Mombasa mwambie upasuaji uliofanyiwa hasa, na yule wa Nairobi mpigie umweleze malengelenge yalipo, kabla hajakutoa nyuzi.