Toa kwanza mwendo wa galaksi

Wanafunzi wangu wa zamani huniuliza waanzie wapi wakitaka kusoma spektra za eksirei, yaani mwanga wa eksirei uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi yake. Jibu langu linatokana na kosa nililolifanya mwenyewe, hapahapa Chumbageni, Tanga, usiku baada ya kusahihisha madaftari.

Nilikuwa na galaksi NGC 3783, ambayo darubini ya Chandra iliitazama kwa takriban sekunde 900,000, yaani siku kumi na kidogo, kati ya 2000 na 2001. Data zake ni bure kwa yeyote. Katikati yake lipo shimo jeusi, na kile linachokila hung'aa mno; gesi iliyo kati yetu na kiini hicho huufyonza mwanga na kuacha mistari myeusi. Mstari wa oksijeni iliyobakiwa na elektroni moja tu ukipimwa maabara hukaa kwenye angstromu 18.97 (angstromu ni kipimo kidogo mno cha urefu wa wimbi). Mimi niliukuta 19.115. Mstari ukisogea upande wa mawimbi marefu, kilichouacha kinatukimbia. Nikapiga hesabu: gesi inatukimbia kwa kilomita kama 2,300 kwa sekunde, kwa hiyo inaelekea shimoni. Nilifurahi, nikalala alfajiri.

Kesho yake jioni nilikuwa Raskazone. Kulikuwa na ngalawa, kijana anapiga kasia kuja pwani, lakini kila nikitazama naiona imezidi kuwa mbali.

"Shikamoo, babu. Yule mbona anarudi baharini?"

"Marahaba, mwalimu. Harudi yule, anakuja. Bamvua hili, maji yanamchukua."

Nilisimama pale nikiwaza mstari wangu. Galaksi nzima ile inachukuliwa na kutanuka kwa ulimwengu, inatuacha kwa kilomita 2,900 hivi kwa sekunde. Ukiyatoa maji hayo, gesi haiendi shimoni hata kidogo: inapeperushwa nje, inakuja upande wetu kwa kilomita 600 kwa sekunde. Ni upepo, na wataalamu walikwisha kuupima hivyohivyo.

Kwa hiyo ukifungua XSPEC, programu ya kuchambua spektra ambayo nayo ni bure, andika mwendo wa galaksi kabla hujagusa kitu kingine. Kisha usiridhike na mstari mmoja. Tafuta neoni, magnesi, silikoni. Zikikupa mwendo unaokaribiana na wa oksijeni, hapo una jambo mkononi. Na ukikuta mstari umekaa palepale pa maabara bila kusogea, shuku gesi ya galaksi yetu wenyewe, maana mwanga lazima upite humu kabla haujatufikia. Hili la mwisho huwapotosha hata waliozoea.

Kuhusu bando: usipakue faili ghafi, ni zito. Spektra zilizokwisha kuchakatwa zipo, na ni ndogo, simu inatosha kuzishusha.

Anza na NGC 3783 hiyohiyo. Utafute mstari ule kwenye 19.115, upige hesabu kwa kalamu na karatasi, uone kama utaifikia 600.