Yoyo ya alumini kama mradi wa chuo: anza na beringi, si na umbo

Mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo anayetafuta mradi mdogo, lakini mgumu wa kutosha kumfundisha kukereza, yaani kuchonga metali inayozunguka kwenye mashine, afikirie yoyo ya alumini. Ni kifaa kinachoenea kiganjani na chenye sehemu chache mno (nusu mbili, skrubu ya kuziunganisha, na katikati beringi inayozungukwa na uzi), na hata hivyo kinadai usahihi ambao mashine za karakana nyingi hapa Nakuru hazitoi bila kubembelezwa. Mimi nilitengeneza zangu nikiwa chuoni, na tangu wakati huo nimewaona vijana walionifuata wakianzia kwenye umbo la nje: wanachora mkunjo wa kupendeza kwenye kompyuta, wanabishana kuhusu rangi, na beringi wanaikumbuka mwisho. Ushauri wangu ni kuanza na beringi, kisha kuchora ukielekea nje.

Yoyo nyingi za kisasa za metali hutumia beringi yenye tundu la milimita 6.35, kipenyo cha nje cha 12.7 na unene wa 4.76, ambayo wauzaji huiita R188. Maduka ya vipuri yatakupa kwa haraka zaidi beringi ya 608, ile ya 8 kwa 22 kwa 7, tena kwa bei nafuu. Ikatae. Ina uzito wa takriban gramu 12, ilhali yoyo nzima kwa kawaida huwa na gramu 60 hadi 68, na uzito huo utakaa katikati, mahali ambapo hauisaidii yoyo kuendelea kuzunguka. Mchango wa uzito katika mzunguko hufuata mraba wa umbali wake kutoka kwenye mhimili, hivyo gramu moja iliyo umbali wa milimita 25 ina thamani kuliko gramu sita zilizo umbali wa milimita 10. Usipoipata R188 dukani, angalia spina za vidole walizoziacha watoto, kwa maana baadhi yake zina beringi hiyo ndani. Pima kabla ya kulipa.

Kuhusu malighafi, nunua fito ya aloi ya alumini iitwayo 6061, yenye kipenyo cha milimita 60. Najua kwamba mafundi wetu wa jua kali huyeyusha pistoni kuukuu na kumimina sufuria zinazodumu miaka, lakini alumini ya pistoni ina silikoni nyingi (ile elementi ngumu, si mpira wa gasketi) inayokula ncha ya kisu, na mmimino wa mchanga huacha matundu madogo ndani ambayo yataiyumbisha yoyo yako hata ukikereza kwa ustadi wote. Panga bajeti ukijua kwamba kipande cha fito hiyo chenye urefu wa milimita 25 kina gramu 190 hivi, na nusu moja ya yoyo itabaki na gramu 30. Kinachobaki chote ni taka sakafuni.

Sasa mpangilio wa kukereza, ambao ndio mradi wenyewe. Chaki ya taya tatu, yaani kibanio cha mashine ya kukereza, hushika kipande kikiwa kimehama kutoka katikati kwa sehemu kadhaa za mia za milimita, na iliyozeeka huhama zaidi. Jambo hilo halina madhara maadamu kipande hakijatolewa, kwa sababu vyote vinavyokerezwa katika mshiko mmoja huwa na katikati moja. Kwa hiyo katika mshiko wa kwanza maliza upande wote wa ndani: uso, kishina cha kukalia beringi, bega linalogusa pete yake ya ndani, mfereji wa silikoni (mpira utakaoushika uzi), kisha tundu la keekee ya milimita 3.3 na hesi ya M4, yaani ya skrubu ya milimita 4, tapu inayoichonga hesi hiyo ikiongozwa na mkia wa mashine badala ya mkono mtupu. Kishina kiwe na urefu wa milimita 2.2 hivi, ili nusu mbili zisigusane kabla hazijaibana beringi. Kipunguze kidogo kidogo hadi beringi iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikidai nyundo, bado ni kinene, na ikicheza, kipande hicho hakifai tena. Alumini hupenda kunata kwenye kisu, na tiba yake ni mafuta ya taa yanayopakwa kwa brashi, yale yale ya jikoni, mbali na cheche.

Kisha kipande hugeuzwa, na hapo ndipo yoyo nyingi za wanafunzi hupata mtikisiko. Usikishike kwa taya. Tumia baki la fito kukereza kishikizo chenye tundu linalokipokea kishina bila kucheza, kikiwa na skrubu ya M4 katikati, na usikitoe kwenye chaki hadi nusu zote mbili zimekamilika. Mkato wenyewe huikaza hesi, kwa hiyo mkono mwepesi unatosha wakati wa kufunga.

Umbo la nje, baada ya hayo yote, ni kazi ya jedwali la vipimo, tupa na msasa. Mikono ya koti iwe imekunjwa juu ya kiwiko, na glavu zikae mbali na mashine inayozunguka.

Mfereji ujaze silikoni nyekundu ya gasketi inayouzwa kwa mafundi wa magari, uisawazishe kwa kadi ya plastiki na kuiacha siku nzima ikauke. Yoyo ya namna hii hailetwi juu kwa kuvuta mkono. Mchezaji huukunja uzi na kuuingiza kwenye pengo ili silikoni iushike. Wahadhiri wengi watavuta mara mbili, waione imelala chini ikizunguka, na kuandika kwamba haifanyi kazi. Siku ya kuwasilisha, ijaze beringi grisi nzito ili yoyo irudi ikivutwa, kisha ioshe kwa petroli jioni.