Ultrasaundi imetoka safi, siti skani ya nini tena?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Ngamiani hapa Tanga. Mama ana goita toka mi niko darasa la pili huko Lushoto, wala haikuwahi kumsumbua. Sa miezi hii hawezi kulala chali, anataka mito mitatu, anakoroma kama mashine ya kukoboa, na ugali unamkwama. Juzi anaanika nguo, uso ukamwiva akaona kizunguzungu mpaka akakaa chini. Ultrasaundi walisema vinundu tu, hakuna dalili ya kansa, ila dokta mwingine anataka siti skani. Tunaliwa hela au?

JIBU: Marahaba. Huliwi, ingawa hela inauma, hilo nakubali. Ultrasaundi inaangalia tezi ya shingoni, ile iliyovimba ikawa goita, vinundu vikubwa kiasi gani, vinatia shaka au la, hapo haina mpinzani, lakini mawimbi yake hayapenyi mfupa wala hewa, na goita ya miaka mingi hivyo ina tabia ya kushuka taratibu nyuma ya kidari, kwahiyo hiyo mnayoiona shingoni inaweza ikawa nusu tu.

Mi nimesimama hapo kwenye kuanika nguo. Mtu akiinua mikono yote miwili juu, goita iliyoshuka inaziba mlango wa kifua, damu ya kichwani inakosa pa kushukia, uso unaiva na mishipa ya shingo inatutumka. Tunaiita alama ya Pemberton, inajulikana toka 1946, na haina gharama yoyote. Mwambieni dokta amjaribu mbele yake, dakika moja tu, msimjaribie nyumbani.

Eksirei ni rahisi zaidi na itaonyesha bomba la hewa limesukumwa pembeni, ila kusukumwa sio kubanwa. Siti skani inakata picha vipande vipande toka shingoni mpaka kifuani, halafu wanapima pale palipobanwa zaidi kwa milimita. Kwa mwanamke mzima bomba huwa na upana wa milimita 10 mpaka 21 hivi. Likishuka chini ya 8 pumzi inaanza kukata akijishughulisha, chini ya 5 hata akiwa amekaa.

Mambo mawili kabla hajaingia chumbani. Waambieni hawezi kulala chali, wajipange, picha yenyewe ni sekunde tu. Na waulizeni kama kuna dawa ya kuchoma mshipani, ile ya kufanya picha ionekane vizuri, manake ile ina madini joto mengi kupita ya kwenye chumvi, tezi yenye vinundu inaweza ikapandisha homoni wiki kadhaa baadae na moyo ukaenda mbio. Kujua kama amebanwa, mara nyingi picha bila dawa inatosha. Kipimo cha damu cha TSH, kinachoonyesha tezi inafanyaje kazi, kifanyike kwanza.

Akianza kuvuta pumzi inalia kama filimbi, msisubiri tarehe ya kipimo, mpelekeni hospitali ya Bombo usiku huohuo, akiwa amekaa, msimlaze.